Barua kwa binti yangu Furaha

Bukavu, Kadutu

Mwanangu Furaha,

Shangazi yako amenipigia simu kutoka Goma. Anasema tangu ukose nafasi ya udaktari huli vizuri, na kwamba ulimwambia, "Basi, mimi nitakuwa infirmiye tu." Hiyo "tu" imeninyima usingizi, mama.

Babu yako alikuwa infirmiye huyo huyo. Alifundishwa uuguzi Katana, kwenye hospitali ya Fomulac, lile shirika la tiba ambalo watu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, walilianzisha mwaka 1926, wakaanzia Kisantu kabla ya kufika huku kwetu Kivu. Miaka ile Mkongomani hakuwa na njia ya kusomea udaktari. Ngazi ya juu aliyoweza kufikia ni asistan medikali, msaidizi wa daktari, na waliofika huko walikuwa wachache. Wasichana walifunzwa zaidi kusaidia wazazi wakati wa kujifungua, chini ya masista. Uuguzi ulihesabiwa kazi ya wanaume. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954, lakini madaktari wake wa kwanza walimaliza masomo mwaka 1961.

Sasa hesabu mwenyewe. Uhuru tuliupata tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wakaasi, Wabelgiji wakakimbia, na madaktari wengi wakaondoka pamoja nao. Wagonjwa hawakuwa na pa kukimbilia. Waliobaki nao ni watu kama babu yako, pamoja na masista waliokataa kuacha wodi zao.

Mwenyewe hakupenda kusimulia siku zile. Alichopenda kueleza ni sindano. Zilikuwa za kioo, kila bomba na kisukumio chake vikiwa na namba moja ili visichanganywe. Ncha ikiwa butu aliinoa kwenye jiwe dogo, kisha akaipitisha polepole kwenye pamba. Ikivuta uzi hata mmoja, alirudi kwenye jiwe. Nilikuwa mtoto, nasimama mlangoni namwangalia. Aliniambia kindoano kidogo namna ile, ambacho jicho halikioni, kinachana mshipa wa mtoto mchanga. Baada ya hapo alizichemsha ndani ya kisanduku chake cha chuma, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, wala hakuondoka pale mpaka muda uishe. Hakuna aliyekuwa akimkagua.

Mtaani walimwita muganga mpaka anakufa. Unajua kwetu neno hilo haliulizi diploma. Nawe wataanza kukuita hivyo kabla hujamaliza mwaka wa kwanza, na usiku mtu atakugongea mlango akiwa amebeba mtoto mwenye homa.

Kisanduku kile ninacho bado, kifuniko kimepinda upande mmoja. Nakutumia kwa boti la Jumamosi, ndani ya mfuko wa maharagwe. Jiwe limo ndani. Mwambie shangazi afike bandarini mapema, mizigo isije ikachanganywa.

Baba yako