Kilo 4 Zikageuka Kilo 24

Mhariri,

Mimi husuka vikapu kwa magugu maji, yale yale yanayowazibia njia wavuvi wa Dunga. Mwezi uliopita nilimtumia mteja wa Kitale vikapu kumi. Kwenye mizani sanduku lilikuwa kilo 4. Karani wa kampuni ya vifurushi akatoa futi, akapima sentimita 60 kwa 50 kwa 40, akazidisha, akagawanya kwa 5,000, akaandika kilo 24. Nikalipia kilo 24!

Najua gari huweza kujaa kabla halijalemewa, na hesabu hiyo ya kugeuza ukubwa wa sanduku kuwa kilo hutumika hata ng'ambo. Lakini bango la bei ukutani lilitaja kilo tu. Ningeambiwa mapema, ningeviingiza kimoja ndani ya kingine, maana vikapu hivi hubonyea, na sanduku lingekuwa nusu ya lile.

Isitoshe, mzigo ulipelekwa Nairobi kwanza. Jamani, kutoka hapa Kisumu hadi Kitale ni kupandia Kakamega na Webuye tu, na matatu hufika siku hiyo hiyo! Wangu ulichukua siku sita, ukafika pembe moja imelowa, vikapu vitatu vimeota ukungu mweusi hadi kwenye mishikio. Mteja nilimrudishia pesa zake. Nauli yangu sikurudishiwa hata senti.

Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano, inayowapa leseni wasafirishaji wa vifurushi, iwalazimishe kubandika bei ya ukubwa kando ya bei ya uzito, na kumweleza mteja njia utakayopitia mzigo kabla hajatoa pesa.

Msuka vikapu,
Nyalenda, Kisumu