Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti ya Lamu: tuwekeeni akina bibi katika nyumba ile

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Natoka Mombasa, ila bibi yangu mzaa mama ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu. Likizo hii nilimleta yeye pamoja na mwanangu katika Nyumba ya Waswahili, makumbusho yaliyomo vichochoroni ndani ya nyumba ya karne ya 18.

Nyumba yenyewe siitoi kasoro. Kutoka dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, unaingia kiwandani, yaani uani, kisha msana wa tini na msana wa yuu, vile vyumba virefu vya chini na cha juu yake, hadi ndani kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, maana dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi boriti ya urefu uutakao. Mwanangu yeye alivutiwa na birika la chooni, aliposikia kuwa zamani lilifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ilibidi tumvute mkono.

Tukapanda jikoni, juu kabisa, ambako moshi hauwasumbui watu wa vyumbani. Bibi hakuwa amesema neno tangu mlangoni. Alipoiona mbuzi ya kukunia nazi, basi! Akaeleza msichana anavyoikalia upande, tui la kwanza linavyotengwa kwenye bakuli lake, la pili likaanza kupikia wali, na mtoto aliyekuna nazi ikatoka vipande vipande anavyosemwa na shangazi zake mpaka jioni. Akaonyesha kwa mikono mitupu jinsi ya kukamua kifumbu, kile kichujio cha kusukwa cha kuchujia tui. Wageni wengine wakasogea, wakaomba kutafsiriwa. Mtembezaji wao, kijana mwenye adabu, akanyamaza, kisha naye akaanza kumuuliza maswali.

Ninaloomba ni hilo. Akina bibi wa Amu wakae humo, hata siku chache kwa wiki, wawasimulie wageni na watoto wa shule. Walipwe kama wafanyakazi, si kupewa soda na asante. Na wanayoyasema yarekodiwe, kwa Kiamu chao, kwa sababu kibao cha maelezo kitakwambia hii ni mbuzi, hakitakwambia nani aligombezwa juu yake.

Najua nyumba iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, si kaunti. Lakini vikundi vya akina mama mnavijua nyinyi, na kuzungumza na wasimamizi hakuhitaji bajeti. Tamasha la utamaduni nalipenda sana, mbio za punda hasa, ila likiisha jukwaa hufunguliwa mbao na kila mtu huenda zake. Nyumba ipo mwaka mzima.

Bibi ameniagiza nikwambie yuko tayari kuanza hata mwezi ujao. Nauli ya basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, pamoja na boti ya kuvukia, anasema ni juu ya kaunti.

Wako,
Mjukuu wa Amu, Mombasa