Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Ya fedha atawasomea mhazini. Mimi nina habari ya sanduku.

Mtakumbuka tulikubaliana kuweka sanduku la barua katika sekondari ya kata tunayoilea, mwanafunzi mwenye dukuduku aandike bila kutaja jina. Pa kulitundika nilipachagua mimi: ukuta wa ofisi ya mkuu wa shule, funguo kwa mwalimu wa nidhamu. Baada ya miezi mitatu tulikuta maganda ya karanga na karatasi moja inayolalamikia maharage. Kosa ni langu. Nani atapeleka siri yake kwa mwenye fimbo?

Tukalihamishia karibu na bomba la maji, funguo akapewa mwalimu wa malezi. Barua zikaja. Nyingi ni za kidato cha kwanza, na kilio ni lugha. Mtoto amesoma msingi yote kwa Kiswahili, leo anaulizwa kwa Kiingereza. Jibu analo, maneno hana. Akijikwaa wenzake wanacheka. Kesho hanyooshi mkono, wiki ya pili haonekani. Mmoja, ametoka kijijini Pangani na amepanga geto Makorora, aliandika kwamba tangu Januari anaitwa "njuka" tu, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, na usiku anapika ugali wa mtu mmoja. Baadaye alijitokeza mwenyewe, na ameridhia niwasimulie.

Tuliwaomba walimu jambo dogo: kila njuka awe na mwenzake wa kidato cha tatu wa kukaa naye mapumzikoni, na aitwe kwa jina lake. Yule wa geto sasa ndiye mgonga kengele. Huchelewa kidogo, hasa kipindi cha hesabu kikiwa kitamu, sijui kwa nani.

Wazazi ndio wametutoa jasho. Ukimshauri mama mwanawe akaonwe hospitali ya Bombo, anakuuliza, "Kwani mnataka kumpeleka Lutindi?", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 70, hao ni 10, na wanahitaji kusikilizwa mapema. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure. Ibandikeni jikoni.

Kufuli la sanduku limeliwa na kutu ya pwani. Mwenye uwezo wa kununua jingine amwone katibu kabla shule hazijafunguliwa.