Aliyesema hataki, hataki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya ukurasa wenu wa mapenzi wa Jumapili iliyopita, mlipoutafsiri wimbo wa Evidências na kuwasifu Wabrazil kwa kupenda hadi kufa. Nilisoma Goiânia, mji mkuu wa jimbo la Goiás huko Brazil, kuanzia 2014 hadi 2018. Huko sertanejo, muziki wa mashambani kama huo wa Evidências, inapigwa kwenye basi, buchani, kila mahali, na nyimbo hizo nazipenda mpaka leo.

Wenyewe wana neno, sofrência. Limeunganishwa kutoka sofrimento, yaani mateso, na carência, ile njaa ya kupendwa. Mtu anaumia na hapohapo anaomba asiachwe.

Mwaka 2015 dada niliyekaa naye chumba kimoja aliachwa na mchumba wake. Jamaa alimwambia waziwazi kwamba hamtaki tena. Wiki tatu dada wa watu alilala na simu chini ya mto. Akiosha kikombe, anakiosha hichohicho mpaka naenda kumfungia bomba. Kisha tukaalikwa sherehe ya siku ya kuzaliwa, ukapigwa Evidências wa waimbaji wawili, Chitãozinho na Xororó. Waliurekodi 1990, lakini ukumbi mzima ulisimama, mikono vifuani, wazee kwa vijana. Humo mwanamume anakiri kwamba akisema hampendi, basi anampenda. Akisema hamtaki, basi anamtaka. Mwenzangu akanigeukia, macho yanang'aa: "Umesikia?" Akatoka nje kupiga simu. Alipiga mara kumi na moja. Haikupokewa.

Hapo ndipo ninapoogopa, Mhariri. Mwimbaji anajisema yeye, ila aliyeachwa anausikia wimbo kama habari za mwenziwe. Kila "sikutaki" inageuka "nifuate". Na ukumbi mzima unashangilia!

Atrás da Porta, uliotungwa na Chico Buarque na Francis Hime, alioimba Elis Regina mwaka 1972, una uchungu kuliko huo. Mwanamke anamng'ang'ania mume anayeondoka, anamkwaruza, anajishusha, ili tu aonyeshe kuwa bado ni wake. Lakini sijawahi kuona watu wakiusimamia kwa shangwe. Elis anauimba kama mtu anayelia, nawe unaona wazi utegemezi ulivyommaliza yule mama. Huo ningewapigia binti zangu wausikilize.

Ningewapigia na Infiel wa Marília Mendonça, mwimbaji wa sertanejo mzaliwa wa jimbo hilohilo la Goiás, aliyefariki kwa ajali ya ndege Novemba 2021 akiwa na miaka 26 tu. Mwanamke amesalitiwa, anaumia, na bado anamfukuza mwanamume. Ulipovuma mwaka 2016, mwenzangu aliuimba jikoni kila jioni akipika wali na maharage, na simu ameiacha chumbani.

Evidências mmeshautafsiri. Naomba Jumapili ijayo mtafsiri na hizi mbili. Kireno nitawasaidia, bila malipo.

Msomaji wenu,
Morogoro