Majipu ya uso, jino halikutajwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi sijawahi kuwaandikia. Lakini ile makala ya majipu ya uso imenishinda. Ukurasa mzima: sabuni, jasho, mafuta ya nywele, hata foronya chafu. Jino halikutajwa hata mara moja!

Shemeji yangu ni mwendesha boda boda hapa Busia. Alitokwa na jipu chini ya taya. Likaiva, likapasuka, likakauka, likarudi palepale. Kliniki ya kwanza ikampa kapsuli. Usaha ukakata, akashangilia, halafu ukaanza upya. Kwingine wakalipasua. Kwingine tena krimu, na amri ya kutonyoa ndevu. Mama mkwe akaanza kunong'ona habari za majirani. Na muda wote huo hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Fungua mdomo." Ni daktari wa meno katika kituo cha afya, aliyemwona kwa bahati tu akiwa amempeleka mwanawe, ndiye aliyemwangalia magego. Gego la chini lilikuwa limeoza, na eksirei ikaonyesha ugonjwa uko kwenye ncha ya mzizi. Usaha ulitoboa mfupa wa taya ukajitafutia njia ya kutokea ngozini. Kwa nini hakuumwa na jino? Kiini chake kilishakufa, na usaha uliopata pa kutokea haubani tena. Likang'olewa (wenye pesa husafishiwa mzizi, wakabaki na jino lao). Baada ya wiki chache tundu la ngozini likafunga, bila krimu yoyote. Kimebaki kishimo, na madeni ya kliniki.

Na hizo kapsuli! Huku mpakani zinauzwa mbilimbili kama peremende, mtu anachagua kwa rangi. Usaha unapungua, uozo unabaki kwenye mzizi, muuzaji anamsubiri mteja wake arudi. Wakaguzi tunawaona wanapokuja kununua soda.

Pendekezo langu: kila kliniki iwe na tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi. Mwenye jipu la kidevu, shavu au taya linalorudi palepale atazamwe meno kwanza, ndipo kalamu ishikwe. Tochi nauza mimi, zinachaji kwa jua. Kliniki zilizomtibu shemeji nitazipa bei ya jumla, na mwandishi wenu wa afya pia.

Muuza tochi,
Busia