Usimpambe Mpika Mahamri

Mombasa

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote walio nawe. Sisi huku hatujambo, ila joto tu.

Ama baada ya salamu, mswada wako nimeusoma wote, na kuanzia sura ya tano nimeusoma mara mbili. Uliniomba nikwambie la moyoni wala nisikuvishe kilemba cha ukoka, basi nakwambia: mapenzi ya wanawake wako wawili niliyaamini tangu mwanzo, nikayaamini hata pale yule mwalimu wa chekechea alipopanga foleni alfajiri kununua mahamri ilhali hana hamu ya kula, mpaka nilipofika kwenye sura ya saba, ile ya harusi ya binamu. Hapo umemchukua mpika mahamri wako, mwanamke mnene, mweusi tititi, mwenye kovu la mafuta ya moto lililotambaa kutoka kiwikoni hadi shingoni, ukamsinga, ukamtia hina, ukampaka wanja, ukamvisha dera jipya, na kovu ukalifunika kwa mtandio. Ukumbi mzima unageuka kumtazama, na mwalimu naye, eti, ndipo anapotambua kwamba anampenda.

Sina ugomvi na hina wala na singo. Mwanamke akitaka kujipamba na ajipambe. Ugomvi wangu ni kwamba umewaachia wageni wa harusi waamue jambo ambalo mwalimu alikwisha kuliamua peke yake kurasa nyingi nyuma, akiwa amesimama gizani na kikapu mkononi. Nawe katika barua yako umenieleza sababu, na ni sababu ninayoielewa: wasomaji wetu watakuwa wamekwisha kukunja uso kwa kuwa wapenzi ni wanawake wawili, basi angalau uwape mrembo wa kutazama. Kwa maneno mengine, uzuri wa mpika mahamri ni hongo ya kumtuliza msomaji. Sasa nakuuliza, hongo hiyo imewahi kumnunua nani? Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ile ya wasichana wawili wa mtaa wa Nakawa iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, ndiyo iliyozaa filamu ya Wanuri Kahiu mwaka 2018, na wasichana wa filamu hiyo ni vijana, ni wembamba, ni wazuri kwa kipimo chochote utakachopenda. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku vilevile, na Mahakama Kuu ilipolegeza, ililegeza kwa siku saba tu. Msomaji aliyeazimia kukasirika hatazuiwa na wanja, na aliyekuja kwa moyo mweupe hauhitaji.

Nataka uirudie riwaya ya Alice Walker, *The Color Purple*, iliyotoka mwaka 1982 na mwaka uliofuata ikampatia Tuzo ya Pulitzer ya riwaya, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kuipata. Najua uliisoma zamani. Isome tena ukiwa na swali moja tu: kila mara mtu anaposema Celie, mhusika mkuu, ana sura mbaya, msemaji huyo anatafuta nini? Wa kwanza ni baba wa kambo. Mjane mwenye watoto amekuja kumposa Nettie, mdogo wake Celie; baba anakataa kumtoa Nettie, anamnadi Celie badala yake. Anakiri kwamba huyu ana sura mbaya, lakini anafanya kazi kama mwanamume, tena ataondoka na ng'ombe wake. Mposaji yuko juu ya farasi na hashuki. Celie anaamriwa ageuke ili atazamwe vizuri. Ubaya wa sura katika ukurasa ule ni lugha ya dalali, kasoro ya bidhaa, na ng'ombe ndiye anayefidia.

Wa pili, na hapa ndipo unapouona uhodari wa Walker, ni Shug Avery mwenyewe, mwimbaji ambaye Celie alikwisha kuipenda picha yake kabla hajamtia machoni. Shug analetwa nyumbani na mume wa Celie, yule mjane wa farasi, akiwa mgonjwa hoi. Anamtazama Celie kutoka utosini hadi unyayoni, anacheka kicheko kibaya cha mgonjwa, kisha anamwambia kwamba kweli ana sura mbaya, kama mtu aliyesikia uvumi na sasa ameuhakikisha. Mwandishi mwenye haraka angemfanya mpenzi awe mtu wa kwanza kuuona uzuri uliofichika. Walker anamfanya mpenzi arudie tusi lilelile la wanaume, halafu anawaacha wanawake hao wawili ndani ya nyumba moja pamoja na tusi hilo. Celie anamwogesha, anambembeleza ale, anamchana nywele. Kitana kinapita, na Shug anaanza kuvumisha wimbo ambao haujakamilika. Miezi baadaye, kwenye kilabu cha Harpo, mwana wa kambo wa Celie, anasimama mbele ya watu na kutangaza kwamba wimbo atakaouimba ni wa Bi. Celie, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuchokoa kichwani mwake alipokuwa mgonjwa. Hajasema kwamba Celie amependeza. Wimbo umepewa jina lake kwa ajili ya kazi ya vidole vyake, na hicho ndicho kitu cha kwanza duniani kupewa jina la Celie.

Halafu kuna lile tukio la baba mkwe, ambalo kila nikilisoma nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mzee anakuja kumsimanga mwanawe kwa kumpenda Shug: mwanamke mweusi kama lami, anasema, mwenye nywele za kipilipili. Celie ameagizwa maji ya kunywa; anayatemea mate kidogo, anayakoroga kwa kidole, anamkabidhi, na anasimama pembeni kumtazama anavyokunywa. Angalia jinsi mwandishi alivyoupanga mchezo. Shug, anayetamaniwa na wanaume wa mji mzima, ana weusi uleule na nywele zilezile ambazo kwa Celie zimehesabiwa kuwa aibu. Mizani wanayompimia Celie wenyewe hawaifuati.

Siku anapomwacha mumewe ili amfuate Shug kwenda Memphis, mume anamtupia yote aliyo nayo: u maskini, u mweusi, una sura mbaya, u mwanamke, si chochote. Celie hakanushi hata moja. Anakubali kwamba huenda yote ni kweli, kisha anasema kwamba yupo. Laiti mwandishi angempa jibu la kujisifu, ugomvi ungebaki palepale juu ya nani mzuri na nani mbaya. Kwa jibu hili Celie ametoka kwenye mnada.

Na huko Memphis anafanya nini? Anashona suruali. Kuna moja aliyomshonea Shug ya kitambaa laini cha buluu, ambayo ningependa uisome polepole sana. Shug anakula ovyo akiwa safarini, anakunywa, tumbo linamjaa. Basi Celie anaikata suruali ile iweze kuachiliwa kiunoni bila kuharibika umbo. Sijui kama umewahi kukutana na tamko la mapenzi lililo wazi kuliko hilo. Mwanamke aliyekuwa picha ya kutamaniwa sasa ana tumbo, na mpenzi wake hajifanyi halioni wala halisifii kwa maneno matamu, bali analipimia kitambaa.

Vioo pia nakuomba uviangalie, kwa sababu wewe umetumia kioo mara nne na mara zote ni cha kujipodoa. Mapema katika riwaya, Shug anampa Celie kioo ajitazame mwili wake mwenyewe, mwili ambao umetumiwa na wanaume tangu akiwa na miaka 14 bila yeye kuwahi kuutazama. Celie anamtaka alinde mlango. Wanacheka kama watoto walioiba sukari. Miaka mingi baadaye Shug, aliyeanza kuzeeka, anatekwa na kijana wa miaka 19 mpiga filimbi, anaondoka naye, na Celie anasimama uchi mbele ya kioo peke yake akijiuliza ni kipi hapa ambacho mtu angekipenda. Nywele fupi za kipilipili, ngozi nyeusi, pua ni pua tu, midomo ni midomo tu, mwili ni wa mwanamke yeyote anayeingia utu uzima. Msomaji wa juujuu ataona huzuni peke yake, na huzuni ipo. Lakini lile neno walilomwita maisha yake yote halimo kwenye orodha hiyo. Pua haina ubaya wala uzuri. Dalali ametoka chumbani.

Kilinganishe na kioo cha Radclyffe Hall katika *The Well of Loneliness*, kitabu kilichochapishwa Uingereza mwaka 1928 na kuhukumiwa mahakamani London mwaka huohuo kuwa ni uchafu, ingawa jambo la faragha kuliko yote lililomo ni kauli kwamba usiku ule wapenzi hawakutengana. Stephen Gordon, mwanamke aliyepewa jina la kiume, ana mabega mapana na mwili wa misuli; mama yake mzazi anashindwa kumgusa kwa upendo. Naye anasimama mbele ya kioo na kuuchukia mwili wake, na hakuna aliyelinda mlango. Hall amempa mali, farasi, ushujaa wa vitani na kovu shavuni, lakini mwisho anamfanya amsukumie mpenzi wake Mary kwa mwanamume, kana kwamba mwili wa namna ile unaweza kupenda ila hauna haki ya kubaki na kipenzi chake. Ulikuwa ujasiri mkubwa kwa wakati wake, sibishi. Ila mwandishi aliwaamini mno majirani.

Sisi wa pwani tuna urithi wetu wa kuupima mwili wa mwanamke, nao una mabeti mazuri mno, jambo linalofanya iwe vigumu kuutilia shaka. Mwana Kupona, alipomwachia binti yake wasia kwa utendi karibu mwaka 1858, alimhimiza aoge, ajisinge, afunge nywele, ajipange asumini, na yote hayo yaelekee kwa mume. Waandishi wa leo wameacha asumini wakashika umbo namba nane na rangi ya maji ya kunde, huku mkorogo ukiuzwa kwenye duka la pili kutoka kwako. Ndiyo maana nilifurahi ulipoanza na mpika mahamri wa namna yako. Ukimpamba sura ya saba ili apendwe, utakuwa umewarudishia wenye duka walichokuwa wamepoteza sura sita.

Tena unacho tayari unachokihitaji. Katika sura ya nne, mwalimu anatazama jinsi mpika mahamri anavyonyofoa kipande kidogo cha unga, kama punje ya mahindi, akakidondosha kwenye karai na kungoja: kikizama na kukaa chini, mafuta hayajapata moto, kikiibuka haraka kikizungukwa na mapovu, anaanza kutia. Mwalimu anagundua kwamba anapongoja anaegemea upande wa kushoto, ili mkono wenye kovu ukae mbali na moto. Ukurasa mzima huo hauna hata neno moja la sifa, na hakuna msomaji atakayekosa kujua kwamba huyu amekwisha kupenda. Ihamishie nguvu yako hapo. Harusini waende, wapambe watakavyo, lakini mwalimu akiwa tayari anajua, na kovu lisifunikwe isipokuwa mwenyewe akitaka kwa sababu yake. Wageni na wamtazame bibi harusi, ndiye waliyemfuata.

Jambo dogo la mwisho ni jalada. Wamarekani walikuwa na riwaya zao za bei rahisi za wanawake wanaopendana miaka ya 1950, na Ann Bannon aliandika kadhaa kati ya 1957 na 1962. Mhusika wake maarufu, Beebo, ni mrefu, ana mabega, anavaa suruali. Waandishi wa vitabu vile hawakuulizwa kuhusu jalada wala jina la kitabu, na wachapishaji waliwawekea wasichana laini wenye vinguo vya kulalia, maana wanunuzi waliowalenga walikuwa wanaume. Kwa hiyo msomaji alinunua mwili mmoja na kukuta mwingine ndani. Kabla hujatia saini mkataba wowote, hakikisha una kauli katika picha ya jalada; nakuonya kwa sababu nawajua wachoraji, watakuletea binti mwembamba mweupe ameshika sahani. Wakikataa kabisa kumchora mpika mahamri jinsi ulivyomwandika, waambie wachore karai.

Nitumie sura ya saba ukishaiandika upya, hata kama haijanyooka. Ya tisa usiiguse.

Wasalimie nyumbani.

Mwenzako wa siku nyingi