Barua kwa mwanangu: usiiuze kwa gramu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Umepata mtu wa kununua sarafu ya babu, dhahabu imepanda, atakupa bei kwa gramu, taslimu, kabla hujasafiri. Nilitaka kukupigia simu, nikajijua nitapandisha sauti. Basi nakuandikia, maana barua huwezi kuikatiza kwa “sawa mama, nimesikia”.

Usiiuze kwa gramu.

Hesabu najua umeshaipiga, na kwa hesabu hujambo. Sarafu ya babu, ile ya dola 20 za Marekani ya mwaka 1857, ina uzito wa gramu 33.4, dhahabu ni sehemu 900 katika 1,000 na inayobaki karibu yote ni shaba, kwa hiyo dhahabu yenyewe ni gramu 30 na kidogo. Sikatai. Lakini hiyo ni bei ya kuiyeyusha. Anayekupa hiyo, tena akikata kidogo “ya usumbufu”, amekuhesabu kama mtu aliyeleta pete iliyokatika. Na Jumamosi nilikuona ulivyoiweka kwenye mizani yangu ya jikoni pamoja na kasha lake la plastiki, lile lenye lebo ya kampuni iliyoipa daraja la ubora. Nikanyamaza. Ulikuwa unapima plastiki, baba.

Igeuze upande wa tai. Chini ya mkia kuna herufi S, ndogo kama chawa. Hiyo ni San Francisco, ilikotengenezwa. Dhahabu ya California ilivushwa Panama, ikapakiwa kwenye meli ya Central America kwenda New York, na Septemba 1857 kimbunga kikaizamisha mbali na pwani ya Carolina. Watu zaidi ya 400 walikufa. Meli ikalala zaidi ya mita 2,000 chini ya maji hadi ilipopatikana 1988, na sarafu ya babu ilikuwa ndani yake. Mnunuzi wako haya yote hayamhusu, ndiyo maana anataka gramu.

Sasa sikiliza kwa nini lebo ndiyo mali. Sarafu za mwaka huo zenye S hiyo zilitolewa kwenye ile meli zaidi ya 5,000. Zamani kuipata moja inayong’aa kama mpya ilikuwa kazi. Meli ilipopatikana zikawa nyingi. Anayetoa pesa ya maana leo anatazama vitu viwili: daraja lililoandikwa kwenye lebo (huenda kuanzia 1 hadi 70, na kuanzia 60 ni zile ambazo hazikuchakaa mikononi mwa watu) na jina la meli. Ukilivunja kasha “ili aione vizuri”, jina la meli linabaki kwenye plastiki, na wewe umeshika 1857 kama nyingine yoyote. Dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo sarafu peke yake haiwezi kumthibitishia mtu kwamba ilikaa baharini. Kutu iliyoigandia ilikuwa ya chuma cha meli, na wataalamu waliiondoa kwa dawa, bila kusugua.

Bila kusugua, narudia, kwa sababu najua utaona kidoa na mkono utakuwasha. Dawa ya meno na kitambaa laini huacha mikwaruzo kama nywele. Ukiinamisha sarafu karibu na taa, mikwaruzo inazunguka nayo. Usiku unaokuwa umeisugua unalala umeridhika kabisa kwamba imetakata.

Umelalamika kwamba namngojesha dada yako aweke sahihi, wakati sarafu ni yako. Ataiweka, na pesa mtagawana nusu kwa nusu. Babu aliacha mbili. Ile nyingine iliondoka mwaka ulioanza wewe sekondari, baba yako akiwa hana kazi. Koleo lake lile lenye pengo, ambalo unamlaumu kila siku kwa kulitumia vibaya, lilipata pengo kwenye kasha. Sonara aliitupa kwenye mizani juu ya mkufu wa mteja aliyetangulia, akautoa mkufu, akasoma namba. Ada ikatimia, na viatu pia. Mwaka ule ulishika nafasi ya pili, nilitembea na ripoti yako kwenye mkoba hadi ikachanika kwenye mikunjo. Wewe hukukumbuka hata kuniambia asante, lakini hayo tuyaache.

Kwa hiyo usiiuze kwa gramu, na usiiuze wiki hii. Namba iliyo kwenye lebo iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoipa daraja, ulinganishe picha yao na sarafu yako, maana siku hizi hata makasha yanaghushiwa. Halafu tafuta bei za minada iliyokwisha: daraja lilelile, meli ileile. Usitazame bei anazotaja mwenye kuuza, hizo ni ndoto zake. Angalia na lebo vizuri, kwa sababu watu walishuka tena kwenye meli hiyo 2014, na za safari ile usizichanganye na za kwanza. Ukipata dalali wa mnada, akuandikie kamisheni yake, bima, na bei ya chini ambayo hataiuza chini yake. Ile bei wanayoitangaza mara nyingi ina nyongeza anayolipa mnunuzi kwa mnada, haifiki kwako.

Risiti ya babu iko kwenye bahasha ya kaki pamoja na karatasi za mirathi. Ipige picha, asili baki nayo. Mnunuzi makini ataiuliza, na ana haki. Kuna meli ya Hispania, Mercedes, iliyozama 1804. Kampuni ya Marekani ikatoa sarafu zaidi ya nusu milioni, karibu zote za fedha, na 2012 mahakama za Marekani zikaamuru zirudi Hispania. Ya babu haina kesi kama hiyo, lakini sarafu isiyo na karatasi humtia mtu wasiwasi, na wasiwasi hushusha bei. Ukiamua kusafiri nayo, itangaze forodha na uibebe mkononi. Ningependa uiache.

Najua pesa inakubana. Mjomba wako amesema ataongeza kidogo kwenye nauli, usimwambie kwamba nimekuambia, anapenda kushangaza watu. Sweta mbili nimezifua, ile ya kijani imeruka kamba na mimi sijui tena kuishona kwa macho haya. Baba yako kavunja miwani tena, kaikalia. Bati la ukumbini linavuja upande wa kabati, kwa hiyo nguo zako nimezihamishia chumbani kwangu, na ukija Alhamisi njoo kabla ya jua kuzama tuzipange pamoja. Njoo na sarafu, ndani ya kasha lake.

Mizani ya jikoni usiitafute. Nimemwazima jirani hadi utakapoondoka.

Mama yako